Dole Gumba Lako, Dada Kesar

Bhopal, Jumatano

Mpendwa Dada Kesar,

"Katika wilaya hii hamna tena hata mtu mmoja anayezoa kinyesi kwa mikono." Ndivyo mkuu wa wilaya yenu alivyosema gazetini jana, na picha yake akitabasamu ikawekwa juu. Basi nakusalimu wewe ambaye hupo. Hujambo? Kikohozi kimepungua? Kidonda cha utosini, pale kapu linapokaa, kimekauka? Mimi ni mzima, ila hasira imeninyima hamu ya chakula. Saroj, mpwa wangu, msomee mama yako taratibu, wala usiruke neno, hata ukifika mahali utakapotaka kuruka.

Wiki iliyopita nilikuja huko nisifike kwenu. Nilikwenda ukumbi wa manispaa, wanakoandikisha wanawake wanaotaka kuachana na kazi hii wapewe njia nyingine ya kuishi. Karani alimwambia kila mama alete barua ya mwenye nyumba, akiri kwamba choo chake hakina maji na kwamba mama huyo ndiye anayekizoa. Sheria inamfunga mwenye choo hicho! Nani atajiandikia barua ya kwenda jela? Hata hivyo nilikwenda kwa Bibi Thakurain, nyumba ya tatu katika zile unazozoa. Alinijibu akiwa barazani, bila kunikaribisha hata ngazini, kwamba choo chao ni cha kuvuta maji tangu harusi ya mwanawe mkubwa, na kwamba wewe huja tu kuomba chapati zilizolala. Nikazunguka nyuma. Kile kimlango cha bati unachozolea choo kipo palepale chini ya ukuta, na majivu uliyofunikia kinyesi asubuhi yalikuwa hayajapeperuka.

Niliporudi ukumbini, shoga yako Bhuri alikuwa akimuuliza karani, kama vyoo hivyo havipo, yeye hubeba nini kichwani kila siku, halua? Watu wakacheka, hata askari wa mlangoni. Karani hakucheka. Akamwambia Bhuri aache maneno mengi, kwani yeye na wenzake waliiacha kazi hiyo miaka kumi na tisa iliyopita na walitia dole gumba wenyewe. Akafungua jalada. Karatasi arobaini na moja, kila moja ikisema kwamba mwenye dole hili ameacha kwa hiari na amekwisha kusaidiwa. Ya saba ni yako.

Wasomi wenzangu hupenda kuniambia kwamba haya ni mila tu, yatakufa yenyewe. Mila gani hiyo inayotunzwa kwenye jalada na kupigwa mhuri? Nimewatukana kwa vitabu viwili, na wenye nyumba na makuhani pia, na nimepigiwa makofi mpaka Delhi.

Dada, mwandiko wa karatasi zile ni wangu.

Nilikuwa kibarua wa kuandika pale manispaa, wa kwanza wa mtaa wetu kukalia kiti kile, kwa elimu uliyonipa kwa kapu hilohilo. Ofisa alinipa maneno ya kunakili, akaniagiza niwaambie ninyi kwamba ni maombi ya kupewa nyati wa maziwa. Nilijua yanasema nini. Mlikuja mmevaa sari za sikukuu. Uliniuliza kama wino ungetoka kabla ya kukanda unga wa jioni. Mimi mwenyewe nikakishika kidole chako, nikakibandika. Mwezi uliofuata nikaajiriwa. Wewe ukamjengea nyati banda, nami nikaja nikasimama ndani ya banda lile tupu, nikakuambia serikali huchelewa.

Leo sikuombi msamaha. Uandikishaji unafungwa Jumatatu. Asubuhi hiyo msiende nyumba hata moja, wewe, Bhuri na wote mlio hai kati ya wale arobaini na mmoja. Njooni ukumbini mketi. Nitaandika mbele ya mkuu wa wilaya, aulinganishe mwandiko na ule wa karatasi zile. Wewe umwambie: huyu ni ndugu yangu, na ndiye aliyenidanganya. Ukinistahi, watakuandika tena kwamba hupo.

Wasalimie shemeji na watoto wa Bhuri. Nawe Saroj, ukimaliza, toka na barua hii nje uwasomee wanawake wote wa mtaa, na jina langu ulitamke kwa sauti.

Mdogo wako,
Girdhari