Damu Uliyoiandika kwa Jina la Lameck

Baba,

Usije ukadhani nakuandikia kwa sababu nimekukumbuka. Nina hasira na wewe, na kwa kuwa hupatikani tena kwa njia nyingine, nimechukua daftari.

Nimekaa mezani kwako hapa Hasamba, na kalamu yako ile uliyoitafuna kofia. Mama yuko uani anapeta maharage. Amekonda. Tangu tukuzike anakula kwa kulazimishwa, na watu wakimsalimia anaitikia huku anatazama kwingine. Shangazi Rebeka, dada yako, bado yupo. Alikuja msibani na begi dogo, sasa ameagiza na nguo nyingine kutoka Isansa, maana yake haondoki leo wala kesho. Kila anayekuja kutupa pole anamkalisha na kumsimulia jinsi kaka yake alivyofanyishwa kazi kama ng'ombe wa plau, mpaka akadondoka kwenye mashine ya kumenya kahawa. Anayasema hayo Mama akiwa hapo hapo. Na Mama, yule Mama unayemjua wewe kwa mdomo, hajibu. Anakubali. Asubuhi ile alikuita mvivu, na ndilo neno la mwisho alilokuambia.

Mimi najua kahawa haikukuua. Najua kilichokuua kwa jina lake kamili. Nilikijua wiki tatu kabla hujafa, nikakicheka, na mpaka leo sijamwambia mtu.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana wewe ndiye uliyenianzishia.

Ulikuwa mhudumu wa afya, Baba. Hebu tuliseme leo, hakuna anayetusikia. Hapa kijijini walikuita Dokta na ukaitika miaka yote, lakini kazi yako pale zahanati ilikuwa kufunga vidonda, kuchemsha vifaa na kupanga mafaili. Maneno uliyaokota kwa matabibu waliokuja na kuhama, ukayaandika kwenye daftari la jalada gumu, ukarudi nayo nyumbani. Mtu akija na homa yake ya kawaida unamwambia bandama imetuna. Mwenye jipu kwapani unamwambia tezi za limfu zimepigana zikazidiwa. Watu walitoka hapa wanatetemeka, na kesho yake wanakuletea kuku.

Na mimi ukanifundisha. Jioni tunapukuchua mahindi, wewe unauliza, mimi najibu. Chembe nyekundu kazi yake nini? Kubeba hewa. Chembe nyeupe? Kulinda mwili. Chembe sahani? Kugandisha damu mtu akikatwa. Zinazaliwa wapi? Ndani ya mfupa, kwenye uloto. Nikikosea napiga magoti juu ya mahindi yale yale niliyopukuchua, mpaka maswali yaishe, na hukuwa na haraka ya kuyamaliza. Nilikuwa darasa la nne. Siku niliyosema kingamwili zinatengenezwa na moyo, ulicheka mpaka ukakohoa, ukamwita Mama aje asikie, kisha ukaniacha pale pale nimepiga magoti mpaka ugali ukaiva. Goti la kushoto lina alama hadi leo. Nikipatia, hukusema kitu. Uliuliza swali lingine.

Basi nikasoma. Sitakupa sifa hiyo, nilisoma mwenyewe. Nikapata kazi maabara Tunduma, napima damu za madereva wa malori, za wajawazito, za watu waliovuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, wakiwa na homa zao na haraka zao. Nikija kukusalimu unaniuliza kwa ile sauti yako, "Enhe, mtu wa mpakani, wiki hii umeona wadudu gani?" Ilikuwa kejeli, lakini nilikuwa nakuja nimejiandaa. Njiani kwenye gari nachagua kabisa kipi nikakusimulie.

Sasa tuseme ya Lameck.

Sisi watu wa afya tuna tabia moja mbaya, na hakuna anayeikemea kwa kuwa wote tunayo. Wagonjwa tunawahimiza wapime mapema, wasione aibu, ni siri yao. Zamu yetu ikifika tunaogopa siri hiyo hiyo, kwa sababu tunajua inavyotembea kutoka dirisha la mapokezi mpaka kwenye chai ya saa nne. Kwa hiyo tunajipima kwa majina ya watu ambao hawapo. Nimeshapokea chupa nyingi za damu za namna hiyo, na mimi mwenyewe nimewahi kuandika jina la uongo nilipojihisi vibaya. Hakuna aliyewahi kufa kwa hilo, nilidhani.

Mwezi wa sita, kahawa zimeanza kuwa nyekundu, ikaletwa chupa ya damu kutoka Mpemba, hapo jirani na Tunduma. Aliyeituma ni Mzee Elia, mwenzako wa zamani wa zahanati, ambaye siku hizi anafanya kwenye zahanati ya mtu binafsi. Fomu iliandikwa Lameck, mwanaume, mkulima, anachoka, fizi zinatoka damu. Nikaiweka kwenye mashine, mashine ikaleta majibu ya ajabu, nikadhani imeharibika. Nikarudia. Yale yale. Nikapaka tone kwenye kioo, nikatia rangi, nikainamia hadubini. Baba, nimekaa kazini miaka saba na sijawahi kuona kitu kile zaidi ya kwenye kitabu. Chembe nyeupe changa, kubwa, viini vimejaa hadi ukingoni, zimebanana uwanja mzima. Zilitoka kwenye uloto kabla ya kukomaa, hazijui kulinda chochote, kazi yao kujaza nafasi tu. Chembe sahani nilizitafuta nikazipata chache za kuhesabu kwa vidole. Ile ni saratani ya damu, na ni ile kali.

Nikapiga namba ya simu iliyokuwa kwenye fomu, haipo. Nikampigia Mzee Elia. Akaniambia mgonjwa amevuka Nakonde kwa mwanawe, akirudi atamwambia. Nikaandika kwa wino mwekundu: apelekwe Mbeya leo. Wala sikumfuatilia tena. Tunduma kila mtu amevuka, kila mtu atarudi.

Jumapili nikaja kwako nimebeba habari yangu.

Ulikuwa umekaa juani, koti zito, shali shingoni mpaka kidevuni. Nikadhani ni baridi ya Mbozi. Shingo yako sikuiona, na ningeiona ningekuta tezi zimejipanga kama maharage. Kwenye mkono ulikuwa na wekundu mkubwa unaogeuka zambarau, ukasema umejigonga kwenye kichanja cha kuanikia kahawa. Nikaamini. Mimi, niliyesoma damu miaka yote hiyo, niliambiwa kichanja nikaamini. Mama akatuletea ugali na maharage, akarudi jikoni kuendelea na mambo yake, nami nikaanza kukusimulia, mdomo umejaa, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Ukaniuliza. Chembe zenyewe zikoje? Kiini kikoje? Umerudia kuhesabu? Umehakikisha si maambukizi ya kawaida tu, yale yanayofanya chembe nyeupe ziongezeke? Nikajibu moja baada ya jingine, sikukwama hata mara moja. Ukaniuliza mtu wa namna hiyo amebakiza muda gani. Nikasema asipopata hospitali kubwa ya kumwongezea damu na chembe sahani, wiki mbili, tatu. Atavuja damu popote, puani, tumboni au ubongoni. Ukamega tonge, hukulila. Kisha ukaniuliza, "Na wewe ungemwambia nini?"

Nikacheka. Nikakuambia, "Huyo? Ningemwambia asihangaike kununua mbegu za msimu ujao."

Ukanawa mikono. Ukasema, "Umejibu vizuri."

Hayo maneno niliyasubiri tangu nikiwa na miaka kumi. Nilirudi Tunduma nimefurahi hadi nikawasimulia wenzangu wa maabara kwamba Mzee amenisifu. Jinsi nilivyo mjinga, nilitembea nayo wiki nzima hiyo sifa.

Wewe ukarudi shambani. Mama anasema ulikuwa unachuma debe moja kisha unakaa. Unalala mchana. Unamwachia yeye na vibarua kazi yote, na kahawa ikiiva haingoji mtu. Akaanza kukusema. Mwanzo kwa utani, halafu kwa hasira, unamjua. Alisema mbele ya vibarua kwamba Dokta siku hizi amegeuka mgonjwa wake mwenyewe. Hukumjibu. Ungeweza kumjibu kwa neno moja tu, Baba, unayo maneno mengi, daftari zima. Uliona raha gani kukaa kimya? Asubuhi ya mwisho akasema mvivu, ukainuka, ukaenda kuzungusha ile mashine ya kahawa kwa mkono, ukadondoka damu inatoka puani na haikatiki.

Nilifika hospitali bado unapumua. Mtu wa maabara pale tulisoma pamoja, akaniruhusu nitazame kioo chako. Sikuhitaji dakika. Nilizitambua zile chembe, uwanja ule ule uliobanana, niliouona mara moja tu maishani. Jina kwenye kioo lilikuwa lako. Wakati wanatafuta gari la kukupeleka Mbeya, ukafa.

Na siku ya maziko Mzee Elia akanivuta pembeni, kofia mkononi, akaniambia yeye hakutaka kuandika jina la uongo. Alisema ulimwagiza hivi: chupa iende kwa mwanangu Sekela, wengine watahesabu kwa haraka.

Kumbe ulinichagua. Nimelala na neno hilo na nimeamka nalo, na bado sijui ni sifa au ni fimbo. Ulitaka macho yangu, hukunitaka mimi. Ungeandika jina lako kwenye ile fomu ningekodi gari siku hiyo hiyo, ningekubeba mgongoni mpaka Mbeya. Labda wangekupa miezi, labda wasingekupa kitu, siwezi kukudanganya, najua ugonjwa wenyewe. Lakini ningejua ninayemcheka ni nani. Uliniacha nimhukumu baba yangu kufa huku natafuna, na ukanipa maksi.

Sasa kesho tunamaliza msiba. Ukoo wa Isansa unakuja wote. Shangazi amenidokeza leo kwamba atasimama aseme mbele ya watu kilichomuua kaka yake, ili kijulikane. Nimemtazama Mama. Ameinamia ungo wake tu. Na mimi nikimwokoa, lazima niseme kila kitu, pamoja na mbegu za msimu ujao. Ndiyo maana nimeanza na wewe, nijaribu mdomo.

Nimerudi, Baba. Niliacha hapo juu nikaenda uani.

Nimewaambia wote wawili. Chupa, kioo, jina la Lameck, Jumapili, nilichojibu na nilivyocheka. Nimemwambia Shangazi kwamba hata ungelala kitandani mwezi mzima ukilishwa kwa kijiko, chembe zile zisingekungoja. Mtu hapati saratani ya damu kwa kuchuma kahawa. Shangazi amesema "kumbe", akajifunika khanga kichwani, akaingia ndani.

Mama hakulia. Alisimamisha ungo akaniuliza, "Jumapili ile nikiwa jikoni?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama ulikuwa unajua wakati ule. Nikasema ulikuwa unajua, ulikuwa unahakikisha kwangu. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Akasema, "Kwa hiyo wewe alikuaga. Mimi aliniacha nimtukane mpaka mwisho." Halafu ndipo akalia, kwa sauti, kama ambavyo hakulia siku ya maziko. Nilimshika akanisukuma. Nilimshika tena.

Nilikuwa nimedhani nikisema atapona. Hakupona, amebadilisha kidonda. Lakini ameinua kichwa, ameniomba maji, amekunywa kikombe kizima. Na amekukasirikia, nimeona, kwa hiyo sasa tuko wawili.

Nakuahidi jambo moja. Kesho nitasimama kabla ya dada yako. Nitasoma ugonjwa wako kwa jina lake, taratibu, mpaka mtu wa mwisho nyuma aelewe, na nitasema aliyecheka ni mimi. Mama hatasemwa tena na mtu kwenye nyumba hii. Kazini nako, chupa ikija na jina nisiloliamini, nitapanda pikipiki nimfuate mwenyewe mpaka nimwone uso.

Msamaha kwa Mama sikuombei. Mwombe mwenyewe atakapokuja huko, na ujiandae, maana hatakuuliza habari za uloto.

Kwaheri, Baba. Nilimwambia Mama kwamba ninakuandikia, nikamuuliza kama ana neno. Amefikiri, amefuta pua kwa khanga, akaniagiza niandike kama alivyotamka: "Mwambie hakuwa mvivu. Alikuwa mchoyo."

Mwanao,
Sekela