Shemeji Yako Anafeli Makusudi

Tulare, California
30 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Natércia,

Pokea salamu za dada yako, na uzifikishe kwa wote waliomo humo ndani kabla hujaendelea kusoma, maana ninakujua, ukishakamata barua hata chungu kinaungua. Goti lako linaendeleaje? Na Baltazar, bado anapanda ngazi kupogoa mizabibu kama kijana? Mwambie aache. Mfupa wa mzee ukivunjika hauungi upesi.

Sisi tu wazima, kwa uzima wa watu wa umri wetu. Ukungu umeshatanda bondeni, asubuhi silioni hata banda la ng'ombe la jirani. Mgongo unanisumbua kidogo. Nimechoka, Natércia, na safari hii sitakuficha: si uchovu wa kazi.

Ni habari za Hermínio. Unajua tangu kiharusi kimpige maneno humtoka moja moja. Mtu aliyekuwa akisimama mnadani na kumfanya muuza ng'ombe ateremshe bei kwa mdomo tu, leo akitaka kusema mkate, mkate wenyewe unapoa. Kwenye ukumbi wetu, sisi tuliohamia huku kutoka nyumbani, haendi tena, hata sikukuu ya Roho Mtakatifu alibaki nyumbani. Wenzake wanamhurumia, naye huruma haitaki. Mahali pekee anapokwenda ni chuo cha jamii hapa mjini, darasa la ufinyanzi. Nampeleka asubuhi, namfuata mchana. Mwalimu wake, Harlene, ananiambia kwamba kule anaongea. Hermínio! Eti anataniana hata na vijana.

Sasa kuna sheria. Chuo kinaendeshwa kwa kodi, na serikali haitaki mzee akalie kiti kimoja miaka nenda rudi huku vijana wakikosa nafasi. Ukishafaulu somo, huruhusiwi kulirudia. Ukifeli, unalirudia. Sheria yenyewe sina ugomvi nayo, ila ilifika kwanza masikioni mwa Adelino, yule mfuga ng'ombe wa zamani aliyekuwa akisoma darasa hilo hilo.

"Sikiliza, mzee mwenzangu," alimwambia mezani kwangu, mdomo umejaa soseji zangu. "Ukifaulu tu, umefukuzwa. Wewe feli! Feli kila muhula, watakuzika na udongo mkononi."

Basi shemeji yako akafeli. Ulipofika wakati wa kuonyesha kazi, kazi zake hazikuonekana; alikuwa amezificha kwenye zizi letu la zamani, chini ya magunia. Harlene alinisimamisha sokoni karibu alie. "Bibi Ermelinda, mumeo ndiye mfinyanzi wangu bora, na nimelazimika kumfelisha. Nimemkosea nini?" Nilijifanya sijui kitu. Muhula uliofuata akafeli tena, nami nikanyamaza, kwa sababu alikuwa akirudi nyumbani na uso wa mtu aliye hai.

Akili nyingi huondoa maarifa. Adelino hakuisoma sheria mpaka mwisho. Kufeli nako kuna kikomo: ukishalijaribu somo mara tatu, ufaulu usifaulu, mlango umefungwa. Yeye mwenyewe keshafungiwa, sasa anashinda ukumbini akicheza karata na kulaani serikali. Kwa Hermínio huu ndio muhula wa tatu, na unakwisha katikati ya Desemba. Darasa la juu yake lipo, lakini ni la usiku, na dereva ni mimi, na macho yangu giza na ukungu huu hayauwezi.

Nikaenda chuoni kuomba. Mshauri wa wanafunzi, binti anayeitwa Marisela, alinipa kiti na maji.

"Kuna ombi maalumu, mama. Mtu aliyefeli kwa ugonjwa mzito anaweza kuongezewa nafasi moja. Barua ya daktari unayo?"

"Mwanangu, ninazo kabati zima."

"Basi mzee atie sahihi tu kwamba alifeli kwa sababu ya ugonjwa."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Hermínio akakataa. Nilimbembeleza, nikagombana naye, nikamwita fahali. Nikamwambia mkataa pema, pabaya panamwita. Mtu kawadanganya walimu mihula miwili bila haya, leo sahihi moja inamshinda!

Aliisukuma karatasi. "Sikufeli... kwa ugonjwa," akasema. "Nilifeli... kwa akili yangu."

Halafu akanichukua mpaka zizini, akanionyesha kwa kidole nitoe bakuli zote chini ya magunia na kuzipanga garini. Ni nzuri, Natércia, sikujua kama ni nzuri namna ile. Safari hii ataziweka zote mezani kwa Harlene. Atafaulu, na akishafaulu hatakuwa na pa kwenda.

Jioni ile nilimuuliza kule kuna nini ambacho hapa hakuna. Na kama kawaida yangu, nikaanza kumjibia. Ni udongo? Tutanunua. Ni Harlene? Nitamwalika chakula. Ni wale vijana? Akainua mkono wake mzima kunizuia. Nikafunga mdomo kwa hasira, nikakaa. Alichukua muda mrefu.

"Kule," akasema, "wananingoja... nimalize."

Nililia nikiosha vyombo. Tangu augue nimekuwa nikimmalizia kila neno, kwa daktari, kwa padri, kwa watoto, nikidhani ndiyo mapenzi.

Sasa najifunza kungoja, na nakuambia, kukamua ng'ombe alfajiri hakukunichosha hivi. Jana mezani alifungua kinywa, nikauma ulimi. Nikangoja. Supu ikapoa, nikaipasha moto tena, bado nangoja. Mwishowe yakatoka: supu haina chumvi! Nilicheka mpaka mgongo ukanikumbusha umri wangu. Naye akacheka.

Nisalimie Graça na watoto wake, na mama yetu wa ubatizo Etelvina, kama bado anakumbuka majina yetu. Roho Mtakatifu akae nyumbani mwenu, awape mavuno na afya, na goti lako alinyooshe.

Ombi langu ni moja. Jumapili ukitupigia simu, nitampa Hermínio aongee nawe. Utasikia kimya. Usiseme haloo, haloo, na usimkatie simu, mdogo wangu. Yuko njiani anakuja.

Dada yako akupendaye siku zote,
Ermelinda