Dada, Mama Alikuwa Akimwogesha Nani?

Dada, wadogo zako watatu tunagombania kumbukumbu moja ya mama, na wewe uliyejua ukweli wake hupo. Leo umetimia mwaka tangu ututoke, na bado hatujapatana.

Mama alipofariki ulikuwa na miaka kumi na miwili. Uliacha shule ukakalia cherehani yake. Ulitulisha, ukatuvisha, ukatuchapa tulipostahili. Ulizoea kuongea na pini mdomoni, na hakuna neno lililotupita. Mteja akilalamika suruali inambana, ulimjibu, "Suruali haina kosa, wewe ndiye umenenepa," kisha unaipanua palepale, naye anasubiri na taulo kiunoni.

Mimi nilikuwa na miaka minne. Nikimlilia mama, ulinipeleka pembeni peke yangu. Hukusema unanisimulia. Uliuliza tu, "Unakumbuka ile sabuni?" Nami nikasema nakumbuka. Beseni la bluu, mimi ndani yake, sabuni imeteleza chini ya kabati, mama amepiga magoti anaitafuta huku anacheka: "Huyu mtoto hashindwi huyu!"

Hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokijua duniani. Karakana tatu zilinifukuza kabla sijajua kuchomelea. Nilikwenda ya nne kwa sababu mama alishasema sishindwi.

Siku tulipofungasha vitu vyako, kitindamimba wetu, muuguzi, alimwaga kopo la pini. Akapiga magoti chini ya meza, akacheka. "Kama mama na sabuni yangu!"

"Yako tangu lini?" nikamwambia. "Ulikuwa na miezi saba. Hata meno huna."

"Kwani watu wanakumbuka kwa meno?"

Mdogo wetu dereva akatua sanduku. "Hebu nyamazeni. Aliyekuwa kwenye beseni ni mimi."

Beseni lilelile, Dada. Maneno yaleyale. Tulipandishiana sauti mpaka jirani akaja kutazama. Mwisho kitindamimba akalia: "Kama si mimi, basi mimi sina mama kabisa." Nikainama kumwokotea pini, kwa sababu na mimi ni hivyohivyo.

Nahisi mtoto yule alikuwa wewe. Ulituona tumebaki mikono mitupu, ukatugawia chako. Asante, lakini ungeniambia. Nina miaka hamsini na moja, ningestahimili. Nimekukasirikia mwaka mzima, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka.

Unakumbukwa na wadogo zako, fundi wa kuchomelea, dereva na muuguzi, pamoja na watoto wetu kumi na mmoja uliowashonea sare zao zote za shule. Hakuna siku tutakayokusahau.

Ulipokuwa hai tulikuwa na kumbukumbu tatu za mama. Sasa ipo moja, hatujui ni ya nani, na wa kumuuliza hajabaki hata mmoja.