Yowe Lako Limefika Nyanungu

Ghati mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Ukipiga unasema shikamoo mama, naitikia marahaba, tunaulizana habari za mvua, halafu kila mmoja anabaki kusikiliza mwenzake anavyopumua mpaka salio linakwisha. Miaka sita tumeongea hivyo, wewe huko Kenya na mimi hapa Nyanungu. Leo nina maneno yasiyotosha kwenye simu. Wala sitaki yawe siri. Atakayeishika barua hii njiani na aisome, akimaliza ampe na mwenzake.

Nimekuona kwenye televisheni. Nimekuona, mwanangu!

Mama yako mdogo Robi alipiga Alhamisi kutoka Migori, wala hakusalimia. "Dada, Jumapili saa kumi fungua stesheni ya huku kwetu. Ile tamthilia ya mwanamke wa chemchemi. Safari hii wataonyesha uso wake." Nikamuuliza, uso wa nani? "Wa mtoto wako," akasema, akakata.

Ghati, kabla sijasema ya Jumapili niseme ya zamani, maana najua hujayasahau na mimi sijayasahau. Ulikuwa na miaka kumi na tano. Ukitoka shule ulikuwa unapitia dukani senta kuangalia michezo ya mizimu, mimi nakungoja nyumbani na fimbo. Siku ile nilikuwa na wageni, akina mama wa kwaya, Mama Chacha akiwa mwenyekiti wao. Tukakukuta nyuma ya ghala. Umejipaka unga wa muhogo uso mzima, umejifunga shuka langu jeupe, unawasemesha wadogo zako kwa sauti ya bibi kizee aliyekufa zamani, nao wanapiga kelele za raha. Mama Chacha aliangusha Biblia. Niliona aibu. Nikakuchapa mbele yao, unga ukiwa bado usoni, machozi yakachora njia mbili katikati ya ule weupe.

"Mama, sina pepo," ulisema. "Naigiza tu."

Nikakujibu, "Anayemwigiza pepo ndiye anayemkaribisha." Tukakuombea siku tatu, tumekuwekea mikono kichwani, na wewe chini ya mikono yetu ulinyamaza kabisa. Tulidhani umepona. Kumbe ulikuwa umeacha kuongea na mimi. Ulipomaliza kidato cha nne ukavuka kwenda kwa Robi, na siku ya kuaga hukulia. Hilo la kutolia ndilo lililonikaa rohoni.

Sasa sikiliza ya Jumapili.

Nilitaka kuangalia peke yangu. Kusema kweli bado nilikuwa naona haya. Nilimwambia baba yako, akasema ng'ombe wana kupe, akaenda zizini. Nikageuza ule mwanzi wa antena mpaka picha ikatulia, nikafungulia sauti hadi mwisho, maana masikio yangu si yale ya zamani. Tamthilia imeanza tu, nasikia hodi. Ni Mama Chacha na wanawake wanne, wametoka kanisani, wanataka tupange zamu za kwenda kumfariji mjane mmoja wa huko juu. Wakaingia. Kwenye kioo ukungu umetanda juu ya maji, na ngoma inalia polepole.

Mama Chacha akasimama pale pale mlangoni. "Mama Ghati, hiki ni nini unachoangalia siku ya Bwana?"

Rimoti ilikuwa mkononi mwangu, kidole kiko juu ya kitufe cha kuzima. Ghati, kidole kilikaa pale kwa muda. Niliwatazama wanawake wale wale, nikakumbuka ulivyokuwa umepiga magoti katikati yetu. Nikaiweka ile rimoti kwenye kiti, nikaikalia.

"Kaeni," nikawaambia. "Mwanangu yumo."

Wakakaa. Sijui kama mnajua tunavyoiona huku, kwa hiyo nikueleze. Kuna yule tajiri aliyeizungushia chemchemi seng'enge, wanakijiji wanakunywa maji ya mtaroni. Na kuna yule mwanamke aliyezama humo zamani za mababu, ambaye siku zote anatokea mgongo tu na nywele, na kila akitokea watu wanakimbia. Wanamwogopa yeye kuliko wanavyomwogopa tajiri. Jumapili hiyo tajiri ameleta katapila aifukie chemchemi kabisa. Wanakijiji wamesimama pembeni wameshika viuno, hakuna anayethubutu. Maji yakatikisika. Mwanamke akatoka taratibu, akageuka.

Sikukutambua kwa uso, maana walikupaka kitu cheupe kizuri kuliko unga wa muhogo. Nilikutambua kwa shingo, ile ya kulalia upande wa kushoto unapotaka kubisha.

Nilingoja ungurume, kama wanavyofanya mizimu ya televisheni. Wewe ukapanda juu ya jiwe, ukaweka kiganja mdomoni, ukapiga yowe.

Na halikuwa yowe la maigizo. Lilikuwa letu, la wizi wa ng'ombe.

Unakumbuka? Ulikuwa na miaka saba. Ng'ombe wetu waliswagwa na wezi mchana kweupe kutoka mtoni, baba yako yuko mnadani, na nyumbani tuko mimi na wewe. Nilipanda kwenye lile jiwe kubwa, wewe umening'ang'ania gauni, nikapiga mpaka kijiji cha kwanza kikaitika, kikaitika cha pili, kikaitika cha tatu, na wanaume wakawakatia njia wale watu kabla hawajaufikia mpaka. Ng'ombe wote walirudi. Sauti ilinikauka siku nne. Ulinipikia uji uliojaa madonge nikaumaliza, ukawa unaniuliza maswali makusudi ili unione nikijibu kwa mikono. Sikujua kwamba yowe lenyewe ulikuwa umelichukua ukaliweka. Pale mwishoni linapovunjika, pumzi imekwisha na mtu anailazimisha, pale ni pangu kabisa. Nililisikia likitoka kwenye kifua cha mwanangu, nywele zikanisimama.

Halafu mlango ukafunguliwa kwa teke. Baba yako! Kifua wazi, rungu mkononi, dawa ya kupe imemchuruzika mpaka kwenye viwiko. "Wamepita wapi?" Nyuma yake Mzee Mwita jirani na panga, nyuma ya Mzee Mwita wanawe wawili na fimbo zao. Na kabla sijajibu, kutoka ng'ambo ya bonde nikasikia mtu ameitikia. Ghati, walikuitikia! Wewe uko ndani ya kioo, na Nyanungu imekuitikia.

"Hakuna aliyeibiwa," nikasema, nikanyoosha kidole. Baba yako akatazama televisheni. Akainama. "Ghati?" akasema, kama anayekuita kutoka chumbani.

Pale kwenye kioo mwanamke mmoja wa kijiji naye akaweka kiganja mdomoni, akalipokea yowe lako. Akapokea mwingine. Wakaacha kukukimbia, wakakimbilia seng'enge. Nguzo ya kwanza ilipong'oka, nyumba yangu ilipasuka kwa kelele kama ya mpira. Wanaume wale waliokuja kupigana walikuwa wanapiga fimbo sakafuni, "Ng'oa! Ng'oa!" Na vigelegele, mwanangu, aliyevianza si mimi. Ni Mama Chacha, kitambaa cha kwaya kimemwanguka kichwani, machozi yanamtiririka.

"Huyu si pepo," akasema alipopata pumzi. "Huyu ni mama yake mtupu."

Mzee Mwita alikasirika sana. Alisema yowe halichezewi, kwamba siku wezi wakija kweli hakuna atakayetoka. Aliyasema hayo amekaa, hakuondoka mpaka mwisho, kisha akaniuliza sehemu nyingine ni lini. Ilibidi wanawe wakimbie ng'ambo ya bonde kuwaambia watu warudishe mapanga, ni televisheni tu. Baba yako yeye alikaa chini sakafuni. Majina yalipoanza kupita akayasoma kwa sauti, moja moja, mpaka akafika kwako. Akanigeukia. "Wameandika na la kwangu," akasema. Ng'ombe walilala na kupe zao siku hiyo.

Walipoondoka, Mama Chacha aliomba namba yako, ana neno la kukuambia. Nikamwambia angoje, langu ndilo la kwanza. Nalo ni hili: nilikukosea. Na sisemi hivyo kwa sababu umekuwa mtu wa kwenye televisheni. Hata kama ungekuwa bado unawaigizia wadogo zako nyuma ya ghala, bado ningekuwa nimekukosea. Ulinieleza ukweli kwa maneno machache yaliyo wazi, nami nikawasikiliza watu wengine.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, nilisimama kanisani. Haikuwa kama siku nyingine, maana huwa nasimama kushukuru kwa mvua na kwa kupona malaria. Nikasema, "Mungu alimpa mwanangu kipaji, mimi nikakichapa fimbo. Kimeota huko kilikokimbilia. Naomba mnishangilie, mimi mjinga niliyesamehewa kabla sijaomba." Sijui kama umenisamehe, Ghati. Niliona nikilitangaza mbele ya watu utashindwa kukataa. Mchungaji alikohoa, akatazama dari. Lakini benchi la akina mama lilisimama lote, na waliimba mpaka bati likatetemeka.

Nikishapukuchua mahindi nakuja huko. Nimemwambia Robi aninunulie kitenge cha maana, maana sitaki watu wa kazini kwako wamwone mama wa mwanamke wa chemchemi akiwa amevaa kama ametoka palizi. Nataka nilione hilo jiwe. Nataka nimshike mkono huyo aliyekupaka ule weupe. Na tukikaa tuongee, uniulize lolote, nitajibu kwa mdomo wangu.

Sasa shida yangu ni moja. Huku watu hawalimi wakatulia. Wananisimamisha njiani, hata wale waliokuwa hawanisalimii, wanataka kujua kama sehemu ijayo tajiri atakurudisha majini. Nimewaambia sijui. Lakini wewe waambie wenye tamthilia hiyo kwamba ulishakufa mara moja, inatosha. Kama ni lazima wakuue tena, waje Nyanungu kwanza waniombe ruhusa mimi, na wakija wapite kwa adabu, maana sasa kijiji kizima ni ndugu zako.

Kaa salama, ule vizuri, na sauti yako uitunze.

Ni mimi,
mama yako.