Mbuzi wa Akika Amecheua

Langoni, Lamu
17 Machi 2025

Mpendwa dada Lubna,

Kwa idhini ya wenye nyumba na mbele ya majirani wote, natangaza rasmi kwamba jana baada ya alasiri mbuzi alicheua.

Baada ya tangazo hilo, asalaam aleikum. U hali gani, na joto la Maskati lakufanyaje na saumu? Sisi wazima, alhamdulillahi, ukiliacha goti langu.

Binti yangu Raihana amejifungua salama. Mtoto tumempa jina la bibi yetu, Mwanamkisi. Mume wa Raihana, Muhdhar, akaleta mbuzi wa akika, wa kumchinjia mtoto, kutoka Mbwajumali, tukamfunga uani.

Unaijua Ramadhani ya kwetu, kila jiko lina muhogo wa nazi. Kila aliyekuja kumtazama mtoto alimletea mbuzi maganda, maana wote wanakumbuka mbuzi wa bibi walivyonenepa kwa maganda. Walilosahau ni dari. Wakumbuka alivyoyaanika kule juu juani mpaka yakakauka kama magome, sumu ikayatoka, na sisi na ufito wetu tukifukuza kunguru? Mimi nikisinzia, wewe ukinichapa mimi ukamwacha kunguru. Ile harufu chachu bado naisikia. Siku hizi darini kuna matangi ya maji na viti vya watalii. Basi maganda yakamfikia mbuzi mabichi, na muhogo mchungu ulikuwemo.

Jioni akawa anahema, anayumba, povu mdomoni. Muhdhar akashika kisu.

“Nimuwahi kabla hajawa mzoga.”

Mke wangu Twahira akaziba mlango. “Umchinje na sumu yake? Wageni utawazika wewe?”

“Akifa, mtoto hana akika.”

“Na wageni wakifa, atakuwa na nini?”

Tukamwita Crispus, daktari wa mifugo wa Mokowe, akaja na boti futari ikipoa. Akamdunga sindano, akasema nyama isiguswe kwanza, na tungoje acheue, ndipo tujue amepona. Nikamwambia bibi yetu aliyajua haya ya kuanika.

“Yuko wapi nimsalimu?”

Nikamwonyesha mtoto.

Akika tumeisogeza hadi siku ya kumi na nne, sharia yaruhusu. Majirani wakakaa uani wakimtazama mbuzi mdomo kama watu wanaotafuta mwezi wa Idi. Mengine nimekwisha kuyatangaza.

Twahira, Raihana na Muhdhar wakusalimu. Mola akuhifadhi, atukutanishe tungali na meno.

Ndugu yako akupendaye, pamoja na ufito wako,
Fuad

N.B. Yassir, mchukua barua, alichelewa kusafiri, kwa hiyo naongeza: tumemchinja. Nyama ilikuwa ngumu.