Chupa Mbili Nyekundu

Same,
Mkoa wa Kilimanjaro.
Jumamosi, tarehe 9 Oktoba, 1976.

Mpendwa Dada Paskazia,

Shikamoo dada. Natumaini goti limepoa na unaweza tena kupiga magoti kanisani bila kumshika mtu wa jirani. Shemeji hajambo? Na mzee wetu, bado anagombana na nyani kwenye migomba, au sasa amewaachia? Mimi na watoto tupo. Upepo wa Same unatupiga mchana kutwa kama kawaida yake, vumbi tunalila pamoja na makande. Kahawa ya kutafuna uliyotuma imefika salama. Wenzangu wa ofisini hutafuna punje moja, kisha wananitazama kana kwamba nimewalaghai.

Nikueleze kwanza lililo zito, maana nikilichelewesha nitashindwa kuliandika. Chiku ameumwa na mbwa. Leo ni siku ya tisa tangu siku ile. Mbwa mwenyewe nimemfunga hapa uani, chini ya dirisha ninapoandikia, nami namtazama kutwa. Akifika kesho asubuhi yu hai na akili zake timamu, basi hakuwa na kichaa siku aliyouma, na mtoto wetu amepona. Akianza kuyumba au kutoa mate, tutabaki na sindano peke yake, na daktari wa hapa hakuniahidi kitu.

Nakuomba jambo moja. Usimwandikie Nakundwa. Mke wangu yuko Korogwe kwenye kozi ya ualimu, mitihani yake ni mwezi ujao, na akisikia habari hii ataacha kalamu mezani apande basi. Mwache amalize.

Nakumbuka uliniandikia mwezi wa Agosti kwamba niwalete watoto kwako Kamachumu mpaka mama yao arudi. Nilikujibu kwa majivuno, nadhani hata barua yangu ilinuka majivuno. Nilikuambia mwanamume wa Kihaya akiwa na baiskeli nzuri hashindwi na watoto wawili. Basi ngoja nikueleze ninavyoishi, ndipo utaelewa kosa lilikoanzia.

Kazi ya bwana mifugo ni ya barabarani. Baiskeli ni ya ofisi. Rubeni, fundi wa karibu na stendi, alinitengenezea kiti cha mbao za sanduku la sabuni, akakivika mpira wa ndani uliochakaa, akakifunga kwa bolti kwenye bomba la mbele. Hapo ndipo hukaa Chiku, na kengele ni yake. Anawapigia watu, ng'ombe, na hata mawe. Linus, ambaye ana mwaka mmoja na nusu, namfunga mgongoni kwa kanga ya mama yake. Kwenye keria kuna sanduku la sindano, pampu, viraka na solushen, na kwenye usukani linaning'inia kapu la chakula. Siku ya kwanza nilipopita sokoni hivyo, akina mama waliacha kupima mahindi. Tangu siku hiyo wananiita Mama Linus, na mimi huitika.

Siku zote si hivyo. Jirani yetu Mwamvita hukaa na watoto, na hataki shukrani. Lakini siku tatu kwa juma yumo kwenye shamba la kijiji, na huko hawaruhusu mtu kukosa. Siku hizo watoto huenda kazini na baba yao.

Watu huniuliza kama siogopi mbwa wa kwenye maboma. Nimejifunza kwamba mbwa hawa hawana ugomvi na mtu, ugomvi wao ni na gurudumu linalozunguka. Ukishuka ukaikokota baiskeli, wanakuja kukunusa tu. Nimepita maboma mengi mbugani upande wa mto Ruvu kwa ujanja huo, na hawakunigusa.

Sasa kichaa cha mbwa kiliingia huko tangu mwezi wa Juni. Mzee mmoja alikufa, dada, na sitakueleza alivyokufa. Tukaagizwa kuchanja kila mbwa. Dawa hiyo lazima ikae kwenye baridi. Ikipata joto inakuwa maji matupu, unamchoma mbwa bure. Kwa hiyo nilinunua chupa mbili za chai, moja ya kuwekea barafu na chanjo, nyingine ya uji wa watoto. Siku hiyo dukani zilikuwa zimeletwa nyekundu tu, nikachukua nyekundu mbili. Ile ya chanjo niliibandika plasta ili niijue. Plasta ikalowa, ikaanguka, nami nikasema nitabandika nyingine.

Tarehe 9 Septemba nilikuwa na watoto wote wawili. Kwenye boma la kwanza nilichanja mbwa kumi na wanne. Linus alilia wakati wote, mbwa wakabweka, Chiku akapiga kengele kuwanyamazisha. Nikamnywesha Linus uji mpaka chupa ikaisha. Kisha, kwa haraka ya kuondoka, vichupa vitano vya dawa vilivyobaki nikavirudisha kwenye chupa nyekundu, nikafunga kifuniko. Ilikuwa ile ya uji. Ndani yake mlikuwa bado na mvuke.

Niliendesha saa moja na nusu juani hadi boma la mzee mmoja wa Kimasai aitwaye Koileken. Nilikuwa nimeshawaangusha watu hao mara mbili, mara ya kwanza kwa tairi, mara ya pili kwa kukosa mafuta ya taa ya jokofu la ofisi. Mara hii ya tatu nilikuta mbwa ishirini na wawili wamefungwa kamba tangu alfajiri, na vijana wamekaa nao, ng'ombe wamechelewa malishoni kwa ajili yangu. Nikafungua chupa. Vile vichupa vilikuwa vya moto kama mayai ya kuchemsha.

Dada, nilijua. Sitaki kukudanganya kwamba sikujua. Nilivishika mkononi, nikawaangalia wale watu, nikaona aibu kuwaambia kwa mara ya tatu kwamba hakuna kitu. Nikajiambia labda havikupata moto sana. Nikawachanja mbwa wote ishirini na wawili, nikaandika kadi ishirini na mbili, nikatia sahihi yangu kwa mwandiko mzuri kuliko huu. Walinipa maziwa, nikanywa.

Tarehe 30 nilirudi kwa Koileken kutibu ndama, na Chiku nilikuwa naye. Nilimwambia asitoke kwenye kivuli cha baiskeli. Nyuma ya kibanda palikuwa na mbwa aliyezaa, ana watoto wanne, na unamjua Chiku. Nilisikia ukelele mmoja tu. Alikuwa ameng'atwa kwenye shavu la mguu, meno yameingia.

Nikamkimbilia, nikawa namwosha kwa maji na sabuni. Noonkipa, mke wa Koileken, akaingia ndani akatoka na mkebe wa ugoro. Ndani yake alikuwa ameweka ile kadi, ameikunja vizuri. Akanifungulia mbele ya macho.

"Usiogope, daktari," akasema. "Huyu ulimchoma wewe mwenyewe."

Nimesikia maneno mengi maishani, hata ya mazishi ya mama, lakini hayo sijui nitayaweka wapi. Nikawaambia palepale, mtoto akiwa mapajani mwangu, kwamba dawa ile ilikuwa imekufa, na kwamba nilijua. Nikamwambia Koileken mbwa wake wote hawana kinga. Alingoja nimalize kufunga kidonda.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "ningekasirika siku moja. Sasa nitakuuliza kila chupa."

Nikampandisha Chiku kwenye kiti chake. Niliendesha hadi hospitali bila kusimama, na upepo ulikuwa wa mbele. Sindano hizo huchomwa tumboni, moja kila siku kuanzia siku ileile ya kuumwa, kumi na nne kwa jumla. Muuguzi anaitwa Saada, ana mikono myepesi, na humruhusu Chiku kushika pamba mwenyewe. Chiku anahesabu kwa sauti. Leo amefika kumi.

Kesho yake Koileken alikuja Same kwa miguu, kutwa nzima ya njia, anamvuta mbwa kwa kamba, na binti yake Simaloi amebeba watoto wa mbwa kwenye kapu. Nilikuwa nimemwambia nitamfuata mbwa kwa baiskeli, akaona ni upuuzi. Alisema mbwa huyo ndiye mlinzi wa ndama wake, na kwamba siku ya kumi atakuja mwenyewe kumchukua au kumzika.

Bwana Eliamini, mkubwa wangu wa kazi, nilimweleza siku ileile Chiku alipoumwa. Hakupaza sauti. Alitoa orodha ya wanaokwenda kozi ya diploma mwezi wa Januari, akalikata jina langu kwa rula. Kisha akaniambia nirudi kuchanja mbwa wote upya. Nimechanja ishirini na mmoja. Chupa ya chanjo sasa nimeipaka rangi nyeupe, kama nilivyopaswa kufanya zamani. Kwenye kila mbwa nilimwita mwenye mbwa atie kidole ndani ya chupa aone baridi kabla sijachoma. Wengine walicheka. Wengi hawakucheka.

Chiku hamchukii mbwa. Anasema mama mbwa alidhani anataka kumwibia watoto. Nilimuuliza kama ni kweli alitaka, akasema ndiyo, mmoja tu, yule mweusi. Nimemkataza kumkaribia, kwa hiyo anakaa dirishani na kumsimulia habari za Same. Linus naye amejifunza kubweka.

Mbwa mwenye kichaa hushindwa kumeza. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, namwekea maji kwanza, nachuchumaa mbali kidogo, na kulitazama koo lake. Sijawahi kumtazama kiumbe yeyote akinywa maji namna hiyo. Asubuhi hii alikunywa. Nitaiacha barua hii wazi mpaka kesho.

Jumapili, tarehe 10.

Dada, amekunywa. Amekunywa bakuli zima, akalamba chini, kisha akala makande ya jana na kumbwekea katekista aliyepita na baiskeli yake. Nilikaa chini pale uani nikalia, na Mwamvita akanikuta hivyo. Alidhani mbwa amekufa. Nilipomwonyesha bakuli akapiga kigelegele kwa Kipare chake mpaka majirani wakatoka. Daktari amemwona mbwa kwa macho yake, amesema sindano nne zilizobaki hazina haja. Chiku wetu ni mzima.

Koileken alikuwa amefika kabla ya jua, alilala kwa ndugu yake hapa mjini. Alimtazama mbwa akinywa. Nikaleta chupa nyeupe ili nimchanje huyu wa ishirini na mbili. Akatia kidole, akakiacha humo muda mrefu kuliko wengine wote, akatikisa kichwa kunikubalia. Nikachoma, nikaandika kadi mpya. Ile ya zamani nilimwomba niichane. Alikataa. Amezitia zote mbili kwenye mkebe, akaondoka na mbwa wake. Watoto wa mbwa wameondoka wanne vilevile, ingawa Chiku alijaribu.

Baada ya hapo nilikaa nikaisoma barua hii tangu mwanzo. Nikafika pale nilipokuomba usimwambie Nakundwa. Nimeona aibu mpya, maana ni mimi yuleyule, nimeshika kitu cha moto mkononi na kuandika kadi nzuri juu yake. Sikuiandika upya, kwa sababu karatasi za barua hazipatikani siku hizi, na pia nataka upaone. Nimemwandikia Nakundwa yote, hata yale ya maziwa niliyokunywa. Akija kabla ya mitihani, nitampokea stendi. Na habari ya watoto kuja kwako nimemwachia yeye aseme, nami sitabishana naye wala nawe.

Barua zote mbili zitaondoka kesho na basi moja. Yake ndiyo nitakayoitia sandukuni kwanza.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mwambie mzee Linus mjukuu mwenye jina lake sasa anabweka, atafurahi. Mpe salamu mama Leokadia wa ng'ambo ya migomba, na mkumbushe kwamba aliniahidi senene wa kukaanga msimu ukifika. Mungu awatunze huko, awape mvua ya kiasi, na goti lako alipe nguvu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukukumbuka,

Respicius
(Mama Linus)

N.B. Chiku amesimama hapa begani, anataka nikuandikie kwamba hakulia hata sindano moja. Nimemwambia nimeandika. Alilia, dada. Alilia zote kumi.