Mashine Inayoita Kumi na Saba

Dada yangu,

Salamu zako zimefika. Sisi wazima, Mama anatembea bila mkongojo, na paka kazaa ndani ya kabati langu, mshenzi yule.

Uliniuliza kuhusu ile programu yangu ya namba za nasibu. Kiwandani waligombana kila asubuhi nani ashuke kusafisha tangi, nikaiandika ichague mfanyakazi kwa namba yake, bila upendeleo. Programu kama hiyo huanzia kwenye namba moja, tunaiita mbegu. Mimi, kwa mapenzi tu, nikaweka tarehe ya kuzaliwa ya mdogo wetu.

Nilisahau kwamba mbegu isiyobadilika huzaa namba zilezile. Kila asubuhi tulipoiwasha ilitoa kumi na saba, namba ya mdogo wetu pale kiwandani. "Mashine imenipenda," akacheka. Siku ya tatu alishuka, hakupanda tena. Hewa ya tangi ilimmaliza.

Mama anasema ilikuwa nasibu tu. Dada, nasibu haikuwepo. Usimwambie.

Kuirekebisha ni kufuta mstari mmoja. Siwezi. Kila asubuhi naiwasha, inaita kumi na saba, nami nategea sikio, labda ataitika.

Mdogo wako aliyebaki.